Tshangalele, Moero au Tanganyika: safari ya kuvua ya mwaka huu twende wapi?

Ikifika mwezi wa tatu, kundi letu la wavuvi wa ndoano hapa Lubumbashi huanza mabishano yaleyale. Tuko watano: walimu wawili, fundi umeme, muuza vipuri vya magari, na mimi. Siku za konje (likizo) ni chache, pesa ni ya kuchangishana, na kila mmoja ana ziwa lake moyoni. Mwaka mmoja tulibishana hadi munkoyo ukaisha mezani na bado hatujaamua. Safari ikafa hivyo hivyo. Ndipo nilipoanza kuandika mambo haya kwenye daftari, ziwa kwa ziwa, ili mtu akisema "Moero!" aseme na sababu yake.

Tukubaliane jambo moja kabla ya kufunga mizigo. Maziwa haya yote matatu yamevuliwa mpaka yamechoka. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ni miji ya migodi, migodi inavuta watu, na watu wanataka kitoweo cha bukari (ugali). Ukienda ukidhani utatupa mshipi na kuvuta dude la kilo kumi kama kwenye picha za wazee, utarudi na hasira. Kwa hiyo swali la "wapi kuna samaki wengi" nimeliacha. Ninalouliza siku hizi ni hili: wapi kuna pembe ambayo nyavu hazipiti, lakini ndoano yangu inapita?

Ninapima kwa nini

Kigezo cha kwanza ndicho hicho: maficho. Mawe, matete, mashina yaliyozama, maji yanayokimbia; kila kinachochana nyavu ni rafiki wa mvuvi wa ndoano. Tena kwenye ziwa linalovuliwa sana, samaki waliobaki ni wale wajanja. Marekani, ambako watu wana wazimu wa samaki anayeitwa basi, watafiti wa Illinois walifanya kazi kwenye ziwa dogo la Ridge Lake: kila basi aliyenaswa alitiwa alama, akarudishwa majini. Ziwa lilipokaushwa mwaka 1980, walikutwa humo waliowahi kunaswa mara nyingi, na wengine wasio na alama hata moja. Wakazalisha kila kundi peke yake, kizazi baada ya kizazi, na watoto wa wale wagumu wakatoka wagumu vilevile. Matokeo yalichapishwa 2009. Mimi nikikaa saa nne bila mshipi kutikisika, huwawaza hao watoto wa wagumu.

Kigezo cha pili ni kalenda, nacho kimevunja safari nyingi kuliko bei ya mafuta. Kila ziwa lina miezi yake ya kufungwa, miezi yake ya upepo na miezi yake ya baridi, na konje yako haijui lolote kati ya hayo.

Cha tatu, njia na mfuko. Cha nne, mezani: samaki unayemleta nyumbani utampa mtoto ale bila wasiwasi? Cha tano, maji yenyewe: mawimbi, mamba, magonjwa. Na mwisho nitasema kila ziwa linamfaa nani.

TSHANGALELE

*Njia na mfuko.* Hili ndilo la jirani. Barabara ya Likasi ni lami, Likasi yenyewe ni kilomita 120 hivi kutoka hapa, na Kapolowe unaikuta kabla ya kufika huko. Unalipa peaji (ada ya barabara), unakunywa chai njiani, na kabla jua halijawa kali uko majini. Hata basi linakufikisha. Hakuna kati ya mengine mawili unaloweza kwenda Ijumaa jioni ukarudi Jumapili.

*Maficho.* Tshangalele si ziwa la kuzaliwa, ni bwawa. Mto Lufira ulizibwa Mwadingusha kwa ajili ya umeme, mashine zikaanza 1930, na maji yakatandaa juu ya bonde tambarare. Ndiyo maana ni ziwa la kina kifupi, pana, lenye matete na mafunjo pande nyingi. Katikati pameachwa wazi kwa nyavu. Samaki mwenye akili yuko ndani ya matete.

Asubuhi moja nilikuwa Kapolowe nikiangalia vijana wawili kwenye mtumbwi. Mmoja anapiga kasia polepole, mwenzake amesimama na mti mrefu anaupigiza majini, pum, pum, pum, ili samaki washtuke wakimbilie kwenye nyavu. Wenyewe wanaita kutumpula, na kila mtu anajua imekatazwa. Vielea vya nyavu zao vilikuwa vipande vya kandambili, bluu na nyekundu, na kimoja bado kilikuwa na tundu la kamba ya kidole. Mzee aliyekuwa amekaa karibu yangu akacheka: "Mwanangu, samaki iko. Ila anakuona mbele weye umuone." Akaniongoza nyuma ya kijiji hadi kwenye matete, akanionyesha uwazi wa maji usiozidi ukubwa wa karai. "Hapo. Usitupe. Shusha." Nilishusha mshipi mwembamba, ndoano ndogo, mnyoo mmoja bila risasi. Nikapata pale wanne wa ukubwa wa kiganja kabla jua halijapanda. Wanne tu, lakini vijana wa nyavu hawakuwa na zaidi ya kumi.

*Samaki.* Samaki tunayemwita pale, wa jamii ya perege, ndiye mwenyeji, pamoja na kambale wa usiku. Utakutana pia na wale jamaa wenye kinywa kipana wanaowinda samaki wadogo, kina Serranochromis. Kwa tabia ndio walio karibu zaidi na basi wa Marekani: wanajificha, wanavizia, wanaruka juu ya chambo kwa hasira. Ukiwa na chambo cha bandia kidogo, kipitishe pembeni ya matete alfajiri, taratibu.

*Kalenda.* Juni na Julai ni baridi huku kwetu, na maji ya kina kifupi hupoa haraka. Usihangaike saa kumi na mbili asubuhi. Subiri hadi saa tatu, jua lipashe ukingo. Septemba na Oktoba ndio miezi mizuri. Mvua zikianza, uliza kwanza ofisi ya uvuvi kama pamefungwa.

*Mezani.* Hapa ndipo Tshangalele linaponyanyaswa, na kwa haki. Juu ya mto kuna Likasi na viwanda vyake vya madini, na watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wamepima samaki wa ziwa hili na kukuta metali kama kobalti na shaba kwa viwango vya kutia wasiwasi. Mimi nakula nikiwa kule, mmoja au wawili, basi. Sileti mfuko mzima nyumbani kwa watoto.

*Maji.* Tulivu kwa kawaida. Mtumbwi wa kijiji unatosha. Kichocho hupenda maji kama haya, kwa hiyo usitembee peku kwenye matope kwa sababu tu joto limekuzidi.

*Linamfaa nani.* Mwenye siku mbili. Mwenye mtoto wa kumfundisha. Mwenye kupenda kuvua kuliko kula. Na ukiwa mpenzi wa ndege, chukua darubini: eneo la Lufira liliandikwa na UNESCO mwaka 1982 kama hifadhi ya viumbe hai, na ndege wa majini ni wengi kiasi cha kukusahaulisha mshipi. (Ndugu wa Kolwezi wataniuliza mbona sijasema Nzilo. Nzilo nalo ni bwawa la umeme, la 1952, kwenye Lualaba, na migodi iko karibu. Kwa mtu wa Kolwezi, soma sehemu hii yote ukibadilisha jina.)

MOERO

*Njia na mfuko.* Kutoka Lubumbashi unakwenda hadi Kasomeno, pale njia inapogawanyika: kulia Kasenga, mbele Kilwa na kisha Pweto. Kilwa ni kilomita kama 350. Kilomita hizo usizipime kwa macho ya barabara ya Likasi. Kiangazi ni vumbi linaloingia hadi kwenye mkate. Masika ni matope na malori yaliyolala njiani. Weka siku nzima ya kwenda, siku nzima ya kurudi, na mtu mmoja anayejua kubadilisha tairi bila kulalamika. Mafuta na chakula ndivyo vinavyokula mfuko, maana malazi ya Kilwa ni ya kawaida kabisa.

Wasiotaka kufika mbali huishia Kasenga, ukingoni mwa Luapula, wakavua mto badala ya ziwa. Si wazo baya. Kasenga ndiyo iliyokuwa ikilisha Élisabethville (Lubumbashi ya leo) enzi za ukoloni, Wagiriki wakinunua samaki kwa barafu na kuwapeleka mjini kwa malori. Biashara hiyo ndiyo iliyommaliza samaki aitwaye mpumbu. Kila masika mpumbu walipanda Luapula kwenda kuzaa, kundi juu ya kundi, na watu wakawazibia njia wakiwa na mayai tumboni. Kufikia miaka ya 1950 hapakuwa na kundi la kuzibia. Wazee wa Kasenga bado wanalitaja jina la samaki huyo kama watu wanavyomtaja ndugu aliyehamia mbali. Nikisikia mtu anasema ziwa haliishi samaki, huwa nampa mfano huo.

*Maficho.* Moero (Wazambia huliita Mweru) ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 5,000, lakini kina chake si cha kutisha: kusini maji ni mafupi, na kaskazini ndiko kunakozama zaidi, na hata huko ni mita makumi tu. Maana yake nyavu zinafika karibu kila mahali, na vyandarua vya malaria vinakokotwa ukingoni kuchota vifaranga. Zimebaki sehemu mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni mlango wa Luapula, kule kwenye vinamasi, ambako mfereji unapinda ndani ya mafunjo na mwenye nyavu ndefu anakwama. Ya pili, na hii ndiyo naipenda, ni Pweto, pale ziwa linapomwagika kuwa mto Luvua. Maji yanaanza kukaza mwendo, mawe yanatokeza, na hakuna mtu mwenye akili anayetega nyavu zake pale.

*Samaki.* Kwenye maji hayo ya kukimbia utamkuta manda, mwenye meno ya nje kama misumari, mwenye mistari ubavuni. Manda hana subira. Akigonga, fimbo inainama kabla hujajua kama ni jiwe au samaki. Kisha anaruka hewani, anatikisa kichwa, na mara nyingi ndoano inakurudia tupu. Bila waya mbele ya ndoano atakata mshipi kama uzi. Kati ya kila watano wanaogonga, mimi huleta mmoja, na bado huo mmoja nausimulia mwaka mzima. Samaki pale wapo pia, na kambale, na kisense wale wadogo wanaoanikwa.

*Kalenda.* Upande wa Zambia sheria inafunga uvuvi kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na upande wetu nao mkoa hutangaza kufunga majira hayo ya mvua. Kwa hiyo safari ya Noeli isahau. Manda huchangamka joto linapopanda, Septemba hadi Novemba, kabla ya mvua kuchafua maji.

*Mezani.* Hapa moyo wangu umetulia. Pale wa Moero aliyechomwa kwa mkaa ukingoni, na bukari ya moto, chumvi na pilipili tu, sina la kuongeza.

*Maji.* Mambo manne. Upepo wa mchana huinua mawimbi mafupi yanayojaza mtumbwi. Rudi kabla ya saa sita. Kisiwa cha Kilwa unachokiona mbele ya macho ni cha Zambia, si chetu, na ukivuka na fimbo bila karatasi unaweza kulala kituoni. Halafu kipindupindu: miji ya ukingo huu hukijua vizuri, kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe au yatoke mjini. Habari za usalama wa njia ya Pweto ziulize kwa wasafirishaji wiki hiyohiyo unayoondoka, si mwezi uliopita.

Na jambo la tano, la kwangu binafsi. Mwaka mmoja tulimtumia mwenye mtumbwi nusu ya malipo, mtumbwi wenye injini. Tulipofika, mtumbwi ulikuwepo. Injini ilikuwa imeazimwa kwenda msibani kisiwani. Tulikaa siku mbili tukivua kwa kasia, na injini ilirudi asubuhi tuliyokuwa tunafunga mizigo. Siku hizi tunalipa tukishaisikia injini inanguruma.

*Linamfaa nani.* Kundi la marafiki wenye siku tano au sita, gari la kuaminika, na nia ya kupigana na samaki mmoja badala ya kujaza ndoo.

TANGANYIKA

*Njia na mfuko.* Hapa tunazungumza safari, si matembezi. Moba kwa barabara kupitia Pweto ni mateso ya siku kadhaa. Wenye uwezo huruka hadi Kalemie. Njia nyingine ni ya Zambia: Mokambo, daraja la Chembe juu ya Luapula lililofunguliwa 2008, Mansa, Kasama, Mbala, hadi Mpulungu au Nsumbu. Ni ndefu mno, ina viza na karatasi za gari, lakini sehemu kubwa ni lami, na huko wamezoea wageni wenye fimbo. Ni ghali kuliko mengine yote. Hakuna namna ya kulipamba hilo.

*Maficho.* Kwa kigezo changu cha kwanza, linaongoza. Ziwa lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na kwenye kingo nyingi mawe yanashuka wima ndani ya maji maangavu. Nyavu ya kukokota haina kazi juu ya mawe hayo. Lakini uangavu huo una bei yake: samaki anakuona vizuri kuliko unavyomwona, na mshipi mnene unakuumbua.

*Samaki.* Kuna sangala wa aina nne, ambao hawapatikani popote pengine duniani. Wakubwa wao walipungua sana tangu meli za nyavu za kuzungushia zilipoingia kuanzia miaka ya 1950, na waliobaki kwa wingi ni ndagala na mgebuka. Manda yupo, na jamaa yake mkubwa, mbenga, pia. Ila anayenipeleka mimi huko ni kuhe, mwenye magamba madogo na rangi ya dhahabu, mmoja wa wakubwa kabisa duniani katika ukoo wa samaki pale. Baba na mama hulinda watoto wao pamoja, wakielea juu ya wingu la vifaranga. Ukiwaona hivyo, waache. Kumtoa mmoja ni kuwapa majirani chakula cha jioni.

*Kalenda.* Nchi nne zenye ziwa hili zilikubaliana kulipumzisha kila mwaka kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Tanzania ilianza kufunga kwake 2024. Hesabu sasa: konje za shule zinaangukia palepale. Walimu wetu wawili hununa kila nikilisema. Isitoshe, miezi hiyo ndiyo ya upepo mkali wa kusini, unaofanya ziwa linyanyuke kama bahari. Kabla ya kulipa chochote, uliza ofisi ya uvuvi ya upande unaokwenda, na uulize hasa kuhusu ndoano, si nyavu tu.

*Mezani.* Mgebuka wa kukaanga na ndagala wabichi. Hapana la kujadili.

*Maji.* Ya kuheshimiwa. Makoti ya kuokolea si pambo, na nahodha akisema leo hapana, ni hapana. Mamba wapo kwenye midomo ya mito. Moba na Kalemie nazo zina historia ya kipindupindu.

*Linamfaa nani.* Mtu aliyeweka akiba mwaka mzima, au anayesherehekea jambo: kustaafu, miaka hamsini, deni lililolipwa.

Basi uchague vipi?

Ukiwa na konje ya Juni au Julai tu, Tanganyika limejifunga lenyewe. Kati ya yaliyobaki, Moero linawezekana ila manda atakuwa mzito kwa baridi, hivyo fuata samaki pale wakati wa mchana. Ukiwa na siku za Desemba, usilazimishe ziwa lolote bila kuuliza. Huenda ukajikuta unanunua samaki wa kufungwa mlangoni mwa mtu, na faini juu yake.

Ukitaka kuleta samaki nyumbani ili mama watoto asikuulize ulikuwa wapi, nenda Moero na kasha la barafu. Ukitaka kumfundisha kijana kushusha ndoano kwenye uwazi wa karai, Tshangalele linatosha na linabaki na chenji. Kwa asiyeweza barabara mbovu, mwenye mgongo unaouma, au mwenye gari la kukopa, jibu ni hilohilo.

Mwenye pesa na wiki mbili mwezi wa Septemba ana shida ya kupendeza: Pweto kwa manda au Tanganyika kwa kuhe. Hapo nisingemwamulia mtu. Ningemuuliza tu anapenda kugombana na samaki kwenye maji ya mbio, au kukaa kimya juu ya maji maangavu akimsubiri mmoja asiyekosea.

Na popote mtakapokwenda, chukueni mishipi myembamba kuliko mlivyozoea, ndoano ndogo, na mmoja wenu aamke mapema kuliko wengine. Vifaranga virudisheni.

Sisi mwaka huu tumepatana Septemba, Pweto, siku sita. Walimu wameomba ruhusa. Muuza vipuri bado anasema Tanganyika, basi tumempa kazi inayomfaa: atutafutie injini isiyokwenda msibani.